Mardhiya na Feni za Nipishe

Bagamoyo palikuwa na njia nyingi za kutafuta ugomvi, lakini ya mkato ilikuwa moja tu: kumwambia Mardhiya binti Mtoro kwamba lori lake limechoka. Aliyethubutu kusema hivyo hakuondoka pale na heshima yake yote. Ataulizwa yeye mwenyewe anamiliki kitu gani kinachotembea, atakumbushwa baiskeli aliyoiazima akairudisha haina kengele, na mwisho atajikuta anaaga kabla kahawa haijamiminwa.

Lori lenyewe liliitwa Nipishe. Jina hilo liliandikwa kwa rangi nyeupe juu ya kioo cha mbele, na aliyeliandika alikuwa Ausi, mume wa Mardhiya, mtu mpole aliyempisha kila kiumbe njiani, hata kuku. Watu walicheka, wakasema jina lilikosea nyumba kwa mlango mmoja, lilimfaa mke. Ausi alipofariki, mwaka wa sabini na tatu, akamwachia mjane wake binti wawili na lori lile, na hapo jina likampata mwenyewe.

Lilikuwa lori la chumvi. Lilipakia magunia kwenye mashamba ya chumvi nje ya mji, likapita Kerege, likavuka mto Mpiji, likaenda kushusha Dar es Salaam. Biashara hiyo ina adui mmoja, naye ni chumvi yenyewe. Maji yake huchuruzika kutoka kwenye magunia yakaingia katika kila ufa, na haichukui miaka mingi chuma cha lori kikaanza kubanduka maganda. Malori ya wenzake yalikufa hivyo, moja baada ya jingine, yakaachwa viwanjani kuku watagie. Nipishe halikufa. Ulilala chini yake ukatafuta kutu, ukatoka na mgongo mchafu na mikono mitupu.

Sababu kila mtu aliijua, na kila mtu aliicheka. Baba yake Mardhiya, Mzee Mtoro, alikuwa kalafati, fundi wa kuziba nyufa za vyombo vya baharini. Chombo kikishapandishwa ufukoni na kuegemezwa magogo, baada ya kuzibwa nyufa hupakwa shahamu tumboni, yaani mafuta ya ng'ombe yaliyotwangwa pamoja na chokaa, ili wadudu wa maji wasile mbao. Mzee Mtoro hakuwa na mtoto wa kiume, na wala hakumtamani. Aliyetwanga shahamu ile ni Mardhiya, tangu hajafikisha umri wa kufunga. Harufu ilimganda kwenye nywele, na wenzake chuoni wakawa wanaziba pua akiketi mkekani. Alimpiga mmoja wao, mwalimu akamchapa, na jioni akarudi kinuni kutwanga. Hakuacha hata siku moja, na ukimuuliza atakwambia hakuona kwa nini aache.

Basi alipolipata lori, alilitunza kwa namna aliyoijua. Kila mwaka, siku chache kabla ya Maulidi, aliliegemeza Nipishe juu ya magogo uani kwake, akavaa kaniki kuukuu, akaingia chini. Kila bolti iliyokubali kufunguka aliifungua, akasugua kutu, akapaka shahamu, akaifunga tena. Mafuta aliyachukua buchani kwa Seleman, mdogo wake marehemu Ausi. Vijana wakipita wakauliza jahazi linashuka majini lini, naye huko chini akawajibu kwamba litashuka siku watakayooga.

Sasa tuje kwenye feni, maana ndizo zilizoleta balaa. Feni ya kwanza ya Nipishe, ile ya kuzungushwa na mkanda wa injini, ilikatika bapa moja likatoboa rejeta. Rejeta ilizibwa kwa risasi, lakini feni nyingine kama ile haikupatikana. Miaka ile kipuri kilitafutwa kama dawa ya mgonjwa, na mwenye duka alikuangalia kwa huruma kabla hujamaliza kutaja jina la kitu. Fundi mmoja wa umeme wa magari huko Gerezani, Dar es Salaam, jina lake Rehani, akatoa shauri. Alikuwa na feni mbili za umeme alizozitoa katika magari madogo yaliyoanguka. Akazifunga zote mbili mbele ya rejeta, akavuta waya kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi, na swichi karibu na usukani. Dereva akiona joto linapanda, abonyeze tu.

"Umeme unakuja na kurudi, mama," Rehani alimweleza. "Unatoka betri, unapita kwenye fyuzi na swichi, unazungusha feni, halafu unarudi betri kwa kupitia mwili wa gari. Waya wa kurudi ndio huu, tunauita ethi. Nimeufunga kwa bolti hapa kwenye chasisi."

Mardhiya aliitikia kwa kichwa. Habari ya umeme kuja aliishika vizuri. Habari ya kurudi ikampita, kwa sababu wakati ule alikuwa anamtazama Msabaha, dereva wake, akinunua embe badala ya kulinda lori.

Feni zikafanya kazi miezi mingi bila kelele. Kisha Maulidi yakaja, Nipishe likapanda magogo, likapakwa, likashuka. Na safari ya kwanza tu baada ya hapo, likachemsha. Maji yaliruka kutoka kwenye rejeta pale kwenye daraja la Mpiji, ikabidi livutwe kwa kamba mpaka Bagamoyo, likapitishwa mbele ya soko saa ya watu wengi. Msabaha akabadilisha fyuzi. Uani feni zilizunguka vizuri, akasema tatizo limekwisha. Safari ya pili likachemsha tena, na kamba ikapita tena mbele ya soko. Safari hiyo wauza samaki walisimama wapishe, huku wakilisoma jina kwa sauti.

Seleman ndipo alipokuja nyumbani. Alikuwa mtu wa kanzu safi kuliko bucha linavyoruhusu, na katika lori lile naye alikuwa na fungu lake la urithi. Alikuja na sheikh wa mtaa, ili maneno yawe na shahidi.

"Shemeji, tuliuze," alisema. "Kuna mtu Dar analitaka, hata kwa vyuma. Lori lisilo na mwanamume ni tabu tupu. Unataka siku moja usiku ukuingilie Mpiji, wewe na magunia?"

"Lori lina usukani na matairi sita," Mardhiya alijibu. "Mwanamume hakutajwa kwenye kadi yake."

Sheikh alikohoa kuficha kicheko. Wakavutana mpaka alasiri, mwisho wakaagana hivi: Nipishe litakwenda safari nyingine, na Seleman atapanda ashuhudie. Likirudi Bagamoyo kwa kamba mara ya tatu, linauzwa, na Mardhiya hatasema neno. Likifika bila kamba, Seleman atafunga mdomo wake. Mardhiya alikubali papo hapo, kwa hasira, hata sheikh akamuuliza kama amesikia vizuri sharti lenyewe. Akasema amesikia, na kama wangependa alirudie kwa herufi.

Usiku ule hakulala vizuri, na lazima niseme ukweli, aliogopa. Lori ndilo lililosomesha binti zake. Lori ndilo lililomfanya asiwe mjane wa kuletewa sahani iliyofunikwa na kuhesabiwa matonge. Likiuzwa, atakuwa shemeji wa mtu mwenye bucha, basi. Na kwa kuwa aliogopa, akatafuta wa kumlaumu, akampata bila kwenda mbali. Nani alitaka lori liuzwe? Matatizo yalianza lini, kama si wakati ule ule Seleman alipoanza kuulizia bei? Kufika alfajiri, shaka ilikuwa imeshageuka kuwa yakini.

Wakaondoka asubuhi, Msabaha kwenye usukani, Mardhiya katikati, Seleman dirishani na tasbihi yake. Magunia yalipangwa mpaka juu. Hawajafika mbali jua likaanza kuwa kali, na njia ya mchanga ikalifanya lori lingurume kwa gia ndogo. Msabaha akabonyeza swichi. Feni zikaitika. Mardhiya akazisikiliza kama mama anavyosikiliza pumzi ya mtoto mwenye homa, na kabla ya Kerege akasikia zinalegea. Mshale wa joto ukapanda. Kufika Kerege penyewe, mvuke ukatoka chini ya boneti, Msabaha akasimamisha kando ya njia.

"Yamekwisha, shemeji," Seleman alisema, tena kwa upole.

"Hayajaisha. Tuliagana kamba. Unaiona kamba hapa?"

Seleman alishuka. Kijijini pale palikuwa na trekta, akamtuma mtu aliyekuwa akipita na baiskeli akaliite, waje na kamba. Msabaha alifungua boneti, akarudi nyuma mvuke umpite. Watu wa Kerege walishaanza kukusanyika, kila mmoja na shauri lake. Mzee mmoja akasema hasadi hiyo, lori lisomewe. Mama mmoja aliyebeba mihogo akasema nao walikuwa na mashine ya kusaga ikafanya hivyo hivyo, mpaka ikafukizwa ubani. Mardhiya alikunja kanga kiunoni, akapiga fundo. Kisha akamgeukia shemeji yake mbele ya wote.

"Hasadi ninayo hapa, imevaa kanzu. Mkono wako umepita kwenye nyaya hizi, Seleman. Wewe na huyu Msabaha, nani alimwambia mwenzake akate nini?"

Msabaha akaapa kwa Mungu mara tatu. Seleman alisimama na tasbihi imemkwama kidoleni.

"Mimi?" alisema. "Ausi na mimi tumenyonya ziwa moja. Nije nimkatie mke wake nyaya usiku, kama mwizi wa kuku?" Kisha akageuka akaenda kukaa chini ya kivuli cha lori.

Mardhiya hakujali, au alijifanya hajali. Alipanda juu ya bampa. Injini ilikuwa imezimwa ipoe, lakini feni zilikuwa bado zimewashwa. Zilizunguka kivivu, kama mkono wa mtu anayekoroga uji huku anasinzia. Alitoa fyuzi akaitazama: nzima. Alikuwa na taa ndogo ya kupimia yenye nyaya mbili aliyopewa na Rehani. Akagusa waya mmoja kwenye nguzo ya hasi ya betri, na mwingine pale umeme unapoingilia kwenye feni. Taa ikawaka vizuri. Umeme unafika. Hata hivyo akaishuku swichi, akachukua kipande cha waya akairuka kabisa, akaleta umeme moja kwa moja kutoka betri mpaka kwenye feni. Feni zikaendelea kukoroga uji wao.

"Feni zenyewe zimekufa, Mama Tabia," Msabaha alisema. Hivyo ndivyo alivyomwita, kwa jina la binti yake mkubwa. "Mitumba ya watu ile."

"Zote mbili kwa siku moja? Waliahidiana?"

Mbali kidogo mlio wa trekta ulisikika. Mardhiya aliinama zaidi, uso karibu na chuma, akitafuta waya uliokatwa na kisu, maana bado alitaka kuuona. Hakuuona. Badala yake aliisikia harufu. Haikuwa ya mpira unaoungua wala ya mafuta ya injini. Ilikuwa mafuta ya ng'ombe yanayokaangika, na ndani yake chokaa, harufu iliyowahi kumganda kwenye nywele mpaka akampiga mtu. Kwa kitambo akawa mtoto, mchi mkononi, baba yake akiimba chini ya tumbo la chombo.

Akafuata pua. Harufu ilitoka kwenye chasisi, pale waya wa ethi ulipofungwa. Aligusa bolti, akatoa mkono haraka, kidole kimeungua. Pembeni ya bolti shahamu ilikuwa imeyeyuka, inatiririka polepole, nyeupe na safi, aliyoipaka yeye mwenyewe kwa mkono wake.

Hapo maneno ya Rehani yalimrudia, ile nusu iliyompita. Umeme unakuja na kurudi. Alikuwa ameufungua mlango wa kurudia, akaupaka mafuta na chokaa kwa mapenzi yote, kisha akaufunga juu yake. Uani, asubuhi na ubaridi, umeme ulipata upenyo ukajipenyeza. Njiani, feni zikivuta kwa nguvu muda mrefu, bolti ikapata moto, shahamu ikatanda katikati ya chuma na chuma, na upenyo ukaziba.

Mikono yake ilisimama. Angeweza kufuta, kukaza, na kushuka na hadithi yoyote. Waya umelegea tu, barabara mbaya, basi. Hapakuwa na mtu pale wa kumbishia.

Trekta lilifika. Dereva wake aliruka chini na kamba begani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Weka kamba chini, na zima trekta lako, linanipigia kelele."

Alichukua kile kipande cha waya, akagusa ncha moja kwenye kichwa cha waya wa ethi, na nyingine kwenye nguzo ya hasi ya betri. Feni zikavuma. Zilivuma kwa ghafla na kwa nguvu hata vumbi likatimka, na mama wa mihogo akashika ushungi wake. Mardhiya akaondoa waya, feni zikalegea. Akarudisha, zikavuma. Alifanya hivyo mara nyingine, ili yeye mwenyewe aamini, kisha akaomba spana. Alifungua bolti, akaosha pale kwa kitambaa kilicholoweshwa petroli, akasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akasugua na kichwa cha waya, akakifunga kikavu juu ya chuma kikavu. Msabaha akajaza maji, akawasha injini. Watu walisubiri. Mshale ulipanda, ukafika mahali pake, ukakaa hapo.

Seleman alikuwa amesimama kando, kanzu yake inapepea kwa upepo wa feni.

"Nini kilikuwa?" aliuliza.

Mardhiya alishuka kwenye bampa. Alijipangusa mikono pole pole, kidole kwa kidole, kisha akasema kwa sauti ya kuwatosha wote.

"Mimi. Nilipaka shahamu kwenye ethi, umeme ukakosa njia ya kurudi. Hakuna aliyekata kitu. Nimekusingizia mbele za watu, shemeji, na mbele za watu hawa hawa nakuomba radhi. Na wewe Msabaha."

Msabaha alisema yamekwisha. Seleman hakusema hivyo. Alipandwa na kitu, labda ni ile aibu ya kuitwa hasadi, sasa ilipata pa kutokea.

"Kumbe ni wewe! Siku zote hizi! Umelipaka gari mafuta kama jahazi, kwa sababu marehemu baba yako alikuwa akipaka jahazi. Watu wanacheka mji mzima, nami ndiye ninayekupa mafuta yenyewe! Haya. Apa hapa, mbele ya hawa, kwamba hutalipaka tena huo uchafu. Apa, nami mambo ya kuuza sitayataja maisha."

Ilikuwa bei nafuu sana. Neno moja tu, na lori lingekuwa salama kwa wema, si kwa ubishi. Mama wa mihogo alimnong'oneza aape, mwanangu, yaishe. Mardhiya alimtazama shemeji yake, kisha akatazama chini ya lori, pale chuma cha miaka yote ile kilipokaa kizima.

"Radhi nimeomba kwa kukusingizia wewe," alisema. "Kwa shahamu siombi radhi kwa mtu. Inama utazame. Malori ya wenzetu yako wapi? Nilikosea sehemu ndogo kama kitako cha kikombe, na hiyo nimeshaijua. Sehemu nyingine zote alikuwa na haki baba yangu. Siapi."

"Basi mafuta yangu huyapati tena."

"Usinipe. Tuliagana kamba, na kamba ile pale chini, kavu. Panda twende Dar, au baki urudi na trekta."

Seleman alitazama trekta. Alitazama watu. Kisha akakusanya kanzu yake, akapanda, akaketi dirishani, na feni zikavuma mpaka wanavuka Mpiji.

Ulipokaribia mwezi wa Maulidi mwaka uliofuata, Nipishe likapanda magogo kama kawaida yake. Bolti ya ethi Mardhiya aliifunika kwa kitambaa, akakifunga na uzi, mtu asije akaigusa hata kwa bahati mbaya. Chokaa alikuwa nayo. Mafuta hakuwa nayo, na alikuwa ameshasema mbele ya binti zake kwamba atayafuata Kaole, atayafuata Pangani ikibidi, lakini mlango wa bucha lile hataukanyaga. Alikuwa yuko chini ya lori anasugua kutu, Msabaha akaingia uani na debe, akaliweka chini. Mafuta ya ng'ombe, meupe, yamechaguliwa, hayana hata uzi wa nyama.

"Yametoka kwa shemeji yako," Msabaha alisema. "Hakusema kitu. Kanisukumia tu."

Mardhiya alitoka chini, vumbi mpaka kwenye kope. Aliinama juu ya debe, akaingiza vidole, akanusa. Alikaa hivyo muda kidogo, mgongo kamgeuzia Msabaha, mpaka Msabaha akajua si vizuri kuendelea kumtazama.

"Mwambie Seleman," alisema hatimaye, "hayatoshi. Lori lina matairi sita. Aongeze."